Motokari yenye Pua ya Papa: Somo la Kusimama Mbali

Ukurasa huu umezoea kukueleza habari za kaske, viatu vya kazi, vumbi la mawe na maji safi ya kunywa. Leo tunakuletea habari ya motokari ya mbio. Usishangae. Motokari hiyo haikujengwa kwa kubeba mawe ya madini, wala haikupita hata siku moja katika barabara yetu ya Uvira. Lakini jambo lililowapata watu wa Ulaya mwaka 1961 kwa sababu yake, sisi wa bonde la Ruzizi na ukingo wa Tanganika tulilipata mwaka 2010 kwa uchungu mkubwa zaidi.

Somo lenyewe ni fupi: mashini haimuui tu yule anayeiendesha. Mara nyingi inamuua yule aliyesimama karibu akiitazama.

Tusome polepole. Mwisho wa somo kuna maulizo ya kuzungumza na wenzako wa zamu, na nyumbani pia.

1. MOTOKARI YENYEWE

Jina lake ni Ferrari 156. Ilijengwa Maranello, katika nchi ya Italia. Namba hiyo ina maana: 15 ni moteri ya lita 1.5, na 6 ni silinda sita. Mwaka 1961 sheria za mashindano makubwa ya Grand Prix zilibadilishwa. Moteri isizidi lita 1.5, na motokari isipungue kilo 450. Watu wengi walidhani kwamba moteri ikiwa ndogo, hatari nayo itakuwa ndogo. Tutaona kama walisema kweli.

Zamani Ferrari iliweka moteri mbele ya dereva, kama vile ng'ombe anavyotangulia mkokoteni. Waingereza wa kiwanda cha Cooper waliiweka nyuma, wakachukua ubingwa wa dunia mwaka 1959 na 1960. Ferrari ilijifunza kwa washindani wake, na 156 ikawa na moteri nyuma. Dereva alikaa chini sana, karibu kulala, na matangi ya esanse yalikuwa karibu kabisa na mwili wake. Hakufungwa mkanda. Alivaa kofia na nguo nyepesi, basi.

Pua ya motokari hiyo ilikuwa na matundu mawili ya kuingiza hewa, kama pua ya papa. Papa huyu si baba wa nyumba. Ni samaki mkali wa bahari, ambaye sisi wavuvi wa ndagala na mikebuka hatumjui. Kwa pua hiyo watu waliitambua toka mbali, na mpaka leo wanaiita hivyo.

Ilikuwa na mbio kweli. Mwaka 1961 kulikuwa na mashindano 8 ya ubingwa wa dunia. Ferrari ilishiriki 7, ikashinda 5.

2. MBELGIJI ALIYEPITIA KONGO

Kati ya wale walioiendesha kulikuwa mmoja aliyeijua nchi yetu. Ni Olivier Gendebien, Mbelgiji, aliyezaliwa Brussels mwaka 1924. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikuja Kongo, akakaa miaka kadhaa akifanya kazi. Alipokuwa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, alikutana na dereva wa mashindano aliyeitwa Charles Fraikin, ambaye alitafuta mwenzake wa kushindana naye. Waliporudi Ulaya wakaanza kushindana pamoja. Baadaye Ferrari ilimchukua Gendebien, naye akashinda mbio za saa 24 za Le mans mara nne: 1958, 1960, 1961 na 1962.

Tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1961, mashindano ya Grand Prix ya Ubelgiji yalifanyika Spa-Francorchamps. Motokari nne za pua ya papa zilishika nafasi nne za kwanza: Phil Hill wa Marekani, Wolfgang von Trips wa Ujerumani, Richie Ginther wa Marekani, na wa nne Gendebien. Tatu za kwanza zilikuwa nyekundu, rangi ya Italia. Ya Gendebien ilipakwa manjano, rangi ya Ubelgiji katika mbio.

Ujue pia kwamba uwanja ule wa Spa haukuwa uwanja wa kweli. Zilikuwa barabara za kawaida za watu, duara la kilometa 14 hivi, zenye nyumba, miti na nguzo kando yake. Yaani barabara kama yetu inayotoka Kamanyola, ikapita Luvungi na Sange, ikafika Uvira: motokari inapita hapa, na mlango wa nyumba uko pale.

Gendebien aliacha mbio mwaka 1962 baada ya ushindi wake wa nne wa Le mans. Alifariki mwaka 1998, mzee wa miaka 74. Si wenzake wote waliopata uzee huo.

3. SIKU YA MONZA

Tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 1961 mashindano yalifika Monza, Italia, nyumbani kwa Ferrari. Von Trips ndiye aliyekuwa na pointi nyingi kuliko wote. Watu walikuja kwa maelfu kumtazama akitawazwa bingwa.

Katika mzunguko wa pili, kabla ya kona kubwa, motokari ya von Trips iligusana na ile ya Jim Clark wa Uingereza. Ilikuwa ni kugusana kwa magurudumu tu. Lakini Ferrari ilitoka barabarani, ikapanda kilima cha udongo kilichokuwa kando, ikasugua uzio wa waya. Nyuma ya uzio huo watazamaji walikuwa wamejibana ili waone vizuri. Dereva alirushwa nje akafa. Watazamaji zaidi ya kumi walikufa pamoja naye.

Mashindano hayakusimamishwa. Phil Hill alishinda, akawa bingwa wa dunia kwa pointi 34, na marehemu mwenzake akabaki na 33. Ushindi wa namna hiyo haufurahiwi. Ferrari haikwenda kwenye mashindano ya mwisho ya mwaka, huko Marekani. Mwaka uliofuata motokari ile haikushinda hata shindano moja la ubingwa, na Mbelgiji mwingine, Willy Mairesse, aliunguzwa na moto ndani yake katika ajali ya Spa. Mwishowe kiwanda kilizivunja zote. Zile zinazoonyeshwa siku hizi zenye pua ya papa ni za kuigiza.

Sasa fikiri, ndugu mtumishi. Wale wa nyuma ya uzio walikosa nini? Hawakuendesha. Hawakunywa pombe na kushika usukani. Hawakuvunja sheria yoyote. Walisimama tu mahali pasipofaa, na hakuna aliyewaondoa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Miaka sita kabla yake, tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka 1955, huko Le mans, motokari ya Mercedes iligonga nyingine ikaruka. Moteri na vyuma vyake viliingia katikati ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa hiyo mwaka 1961 wakubwa wa mbio hawakuweza kusema kwamba hawakujua. Walijua, lakini walichelewa kutenda.

4. HESABU NDOGO

Kwa nini moteri ndogo ya lita 1.5 iliweza kuua watu wengi hivyo? Kwa sababu nguvu ya kugonga haitoki kwenye moteri. Inatoka kwenye uzito na mwendo, na mwendo una nguvu kuliko uzito. Uzito ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Mwendo ukiongezwa mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa.

Chukua motokari nyepesi ya kilo 450 inayokwenda kilometa 200 kwa saa. Nguvu yake ya kugonga ni sawa na ya kamyo ya tani 10 inayokwenda kilometa 42 kwa saa. Na kamyo ya tani 10 kwa mwendo huo, sote tunaiona kila siku barabarani. Kumbe kila siku tunasimama kando ya Monza bila kujua.

Kamyo inayokwenda kilometa 40 kwa saa inapita mita 11 kwa kila sekunde. Ukisema "eee, inakuja!", tayari imepita mita 11 au 20. Mguu wa binadamu haushindani na hesabu hiyo. Kitu kimoja tu kinashindana nayo: kuwa mbali kabla.

5. SIKU YA SANGE

Jioni ya tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, kamyo iliyobeba esanse ilipinduka Sange, katika barabara ya Bukavu na Uvira. Esanse ikaanza kumwagika. Siku zile Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Afrika Kusini, na watu walikuwa wamejaa katika vibanda vya sinema karibu na barabara kutazama mpira. Wengine walikimbilia kwenye kamyo na bidoni, ndoo na sufuria kuchota esanse. Wengine walikwenda kuangalia tu. Watoto waliwafuata wakubwa.

Kisha moto ukawaka. Ulikwenda haraka kuliko mtu, ukaingia katika nyumba na vibanda. Watu zaidi ya 230 walikufa. Majeruhi walipelekwa katika hospitali za Uvira na Bukavu, na marehemu wengi walizikwa pamoja, kwa kuwa haikuwezekana tena kutambua huyu ni nani.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu marehemu. Mungu awapumzishe. Mtu asiye na kitu akiona bidoni nzima ya esanse inamwagika chini bure, anaona chakula cha wiki na karo ya mtoto. Anayemcheka hajui njaa. Tena wengine hawakugusa hata tone moja: walikuwa wanatazama mpira. Walikufa kama wale wa Monza, kwa kuwa karibu.

Na Sange haiko peke yake. Tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka 2009, huko Sachangwan nchini Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa kwa namna hiyo hiyo. Tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 2019, Morogoro nchini Tanzania, zaidi ya 100 tena. Kamyo imepinduka, esanse imemwagika, watu wamekuja, moto umewaka. Jambo linalotokea kwa mpango ule ule kila mara si bahati mbaya. Ni jambo linaloweza kuzuiliwa.

6. ESANSE INAWAKAJE?

Watumishi wengi wanafikiri kwamba esanse ya maji maji ndiyo inayowaka. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hauonekani kwa macho.

Esanse inatoa mvuke hata mahali pa baridi sana, chini kabisa ya baridi ya barafu. Basi katika joto la bonde la Ruzizi inatoa mwingi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa jikoni. Unatambaa chini kama nyoka, unafuata mitaro, unaingia chini ya milango, unakusanyika mashimoni. Unaweza kufika kwenye jiko au taa iliyo mbali na kamyo, ukawaka pale, na moto ukarudi mbio mpaka kwenye kamyo ukipita chini ya miguu ya watu.

Kinachouwasha si sigara peke yake. Ni makaa ya jiko, groupe ya umeme, pikipiki inayowashwa, waya wa betri, hata chuma kinachosugua jiwe. Mazuti haiwaki upesi kama esanse, lakini ikipata joto inawaka nayo. Tena kwa macho huwezi kujua tangi limebeba nini. Hesabu kila tangi kuwa la esanse.

Na usimwage maji juu ya esanse inayowaka. Esanse ni nyepesi kuliko maji: itaelea juu yake na kuupeleka moto mbele.

7. MZEE NA KIJANA

Tuseme shoferi mzee na msaidizi wake kijana wanatoka bandari ya Kalundu na vifaa vya kazi. Mbele yao wanaona kamyo ya tangi imelala kando, na watu wanakimbia.

Kijana: Mzee, tusogee. Nina bidoni mbili tupu hapa nyuma.

Mzee: Bidoni zako zikae. Zima redio, tunasimama hapa hapa.

Kijana: Lakini mzee, ni mbali! Hatuoni kitu.

Mzee: Ndiyo nilichokitaka, mwanangu. Ukiiona vizuri, nayo inakuona. Upepo unatoka wapi?

Kijana: Naona vumbi linakwenda milimani.

Mzee: Basi unatoka ziwani, kama kawaida ya mchana. Usiku ungegeuka ushuke ziwani. Sisi tubaki upande unakotoka upepo. Sasa vaa kaske yako, urudi nyuma usimamishe motokari zote. Waambie wazime moteri. Mimi nampigia simu mkubwa wa usalama, kisha namtafuta chef wa quartier aondoe watu.

Kijana: Watatusikiliza kweli? Watasema tunawanyima bahati yao.

Mzee: Wengine watatutukana. Kutukanwa hakuunguzi.

Ndugu mtumishi, kumbuka neno hilo la mwisho. Wewe umefundishwa kazini mambo ya moto na baruti. Mwenzako wa kijijini hakufundishwa. Siku hiyo kaske yako si ya kulinda kichwa chako tu. Ni alama ya mtu anayejua.

8. UMBALI GANI UNATOSHA?

Waokoaji wa moto wana desturi zao za kuhesabu. Esanse ikimwagika kidogo bila kuwaka, watu wakae mita 50 au zaidi pande zote. Ikimwagika nyingi, waondolewe mpaka mita 300 kwa upande unakokwenda upepo. Tangi likishika moto, watu wote waende mita 800, pande zote. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 100 hivi. Hesabu basi viwanja vinane. Ukiweza kuona sura ya shoferi, uko karibu mno.

9. WATU WA MBIO WALIREKEBISHA NINI?

Tusiwaseme tu kwa makosa. Walijifunza, ijapokuwa polepole. Watazamaji waliondolewa kando ya barabara, wakawekwa nyuma zaidi, juu, na penye kuta imara. Tangu mwaka 1970 tangi la esanse likawa mfuko wa mpira mgumu usiopasuka kwa urahisi. Tangu mwaka 1972 mkanda ukawa lazima. Madereva wakavaa nguo zisizoshika moto upesi. Daktari na wazima moto wakawekwa tayari kabla mbio hazijaanza, si baada ya ajali.

Matunda yake yalionekana tarehe 29 mwezi wa 11 mwaka 2020, huko Bahrain. Motokari ya Mfaransa Romain Grosjean iligonga ukuta wa chuma, ikakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto kwa sekunde 28 hivi, akatoka kwa miguu yake. Aliungua mikono, lakini aliishi. Mwaka 1961 asingeishi. Moto ni ule ule. Kilichobadilika ni maandalio ya watu.

Kwa hiyo tukisikia mtu anasema "ajali haina kinga", tumjibu kwa heshima: ajali nyingine haina, lakini nyingi zinayo, na kinga ya kwanza ni umbali.

10. KWETU KAZINI

Usiseme kwamba somo hili ni la barabarani tu. Monza iko hata ndani ya machimbo yetu. Shika haya:

Kwanza: Wakati wa kupiga baruti, kaa nyuma ya mstari uliowekwa na mkuu wa baruti, na usirudi mpaka ishara ya mwisho itolewe. Jiwe linaloruka halichagui kati ya mpiga baruti na mtazamaji.

Pili: Kamba ya chuma inayovuta mzigo mzito, usisimame karibu nayo wala usiivuke. Ikikatika inarudi kama fimbo, na inakata mguu.

Tatu: Unapojaza hewa katika mpira wa kamyo kubwa, simama kando, usisimame mbele yake. Ukiweza, tumia bomba refu na uweke mpira ndani ya kizimba cha chuma.

Nne: Jiwe la kunolea linapowashwa, simama pembeni kwa muda kwanza. Likiwa na ufa, litapasuka mwanzoni.

Tano: Kamyo inayorudi nyuma, usipite nyuma yake hata kama shoferi ni rafiki yako. Kama humuoni katika kioo chake, naye hakuoni.

Sita: Mahali pa kujaza esanse na mazuti si mahali pa mazungumzo. Asiye na kazi pale aondoke.

Saba: Mwenzako akirekebisha mashini, usije "kuangalia tu". Neno hilo "kuangalia tu" limezika watu wengi.

11. MTU AKIUNGUA

Nguo zikishika moto, asikimbie. Mbio zinaongeza moto. Alale chini, ajifunike uso kwa mikono, agaegae. Au umfunike kwa blanketi nzito.

Moto ukizimika, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si barafu. Vua pete, saa na mkanda kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Funika kwa kitambaa safi, mfunike mgonjwa asipate baridi, mpeleke hospitali.

Usipake mafuta ya mawese, dawa ya meno, asali, udongo wala majivu. Vinaficha kidonda, vinaleta vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvisugua tena kwa maumivu. Usipasue malengelenge.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini moteri ndogo ya Ferrari 156 haikupunguza hatari?
2. Watazamaji wa Monza na watu wa vibanda vya Sange, wanafanana katika jambo gani?
3. Mvuke wa esanse unakwenda juu au chini? Katika mtaa wako utaelekea wapi?
4. Katika kazi yako, ni mahali gani watu wanapenda kusimama "kuangalia tu"? Mmeshamwambia mkubwa wa zamu?
5. Watoto wako wanajua la kufanya wakiona kamyo ya tangi imepinduka?

Ulizo la tano ndilo kubwa. Wewe utakuwa kazini. Mke wako labda atakuwa sokoni au ziwani. Mtoto ndiye atakayesikia kelele, ndiye mwenye miguu myepesi, ndiye atakayetumwa na wenzake kushika bidoni. Usingoje siku hiyo. Leo jioni, baada ya chakula, mwite umwambie kwa maneno machache: "Ukiona kamyo imelala, kimbia upande mwingine, na umshike mdogo wako mkono." Mwambie akurudilie maneno hayo. Kesho muulize tena.

Motokari yenye pua ya papa ilivunjwa vipande, haikubaki hata moja. Somo lake ndilo lililobaki. Tulichukue sisi bila kulilipia mara ya pili.

Kazi njema, na urudi nyumbani mzima.